UZI: Kufunga vifaa vya IS (intrinsically safe, yaani umeme wake ni mdogo usioweza kuwasha gesi) sehemu zenye gesi ya kulipuka. Saketi ikipoteza usalama wake, mita haikuambii

#1 FundiAla (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Nina jambo limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita, nimeona bora nilimwage hapa.

Niliitwa kukagua kipimo cha kina cha kimiminika kwenye tangi la kiyeyushi. Juu ya tangi kuna transimita, kifaa kinachopima kina na kutuma usomaji kwa waya, yenye cheti safi kabisa cha sehemu zenye gesi, Ex ia IIC T4 Ga. Kebo ni ya buluu ya mpauko, glandi imekazwa, lebo inasomeka. Ukiishia pale juu unasaini fomu na kushuka zako. Mimi nikashuka hadi chumba cha udhibiti, nikafungua kabati. Beria ya zena, kile kizuizi kinachobana umeme usizidi kiwango salama kabla haujaenda tangini, ipo kwenye reli, lakini taminali zake zote nne ziko tupu. Nikafunua kifuniko cha mfereji wa nyaya. Waya wa buluu unaotoka tangini umesokotwa na waya mwekundu wa pawasaplai ya volti 24, ukazungushiwa utepe mweusi mara mbili. Mara mbili tu.

Nikamuuliza kijana wa zamu. Akanijibu bila kuficha kitu: "Mzee, ilikuwa inasoma vibaya tangi likikaribia kujaa. Tangu turuke hiyo beria inasoma vizuri mno."

Na alisema kweli! Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Pampu ikifa utasikia kimya chake. Fyuzi ikikatika taa inazima. Saketi ya IS ikivuliwa usalama wake inaendelea kusoma kama kawaida, pengine vizuri kuliko mwanzo, hadi siku waya utakapolegea palipo na mvuke.

Tuliizima saketi palepale na ujazaji wa tangi ukasimamishwa. Sasa naandika kwa awamu. Waliobobea wanisahihishe, wanaoanza waulize bila haya.

#2 MwanagenziWaUmeme

Shikamoo mzee. Mimi niko mwaka wa pili wa mafunzo. Maboksi mazito ya Ex d nayaelewa, yale yenye boliti nyingi. Hii IS sijaielewa. Inakuwaje kijiboksi chepesi cha plastiki kinaruhusiwa mahali ambapo lile boksi la chuma la kilo nyingi haliruhusiwi?

#3 FundiAla

Marahaba kijana. Umeuliza swali ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza wakiwa na miaka kumi kazini.

Boksi la Ex d limekubali kwamba gesi itaingia ndani na mlipuko unaweza kutokea humo. Kazi yake ni kuuhimili, na kuhakikisha moto unaopenya kwenye mwanya mwembamba wa kifuniko unapoa kabla haujafika nje. IS inapita njia nyingine kabisa. Inapunguza nguvu ya umeme yenyewe kwenye saketi, kiasi kwamba hata waya ukikatika, hata nyaya mbili zikigusana, cheche itakayotoka haina ubavu wa kuwasha ile gesi, wala hakuna sehemu itakayopata moto wa kutosha kuiwasha.

Ubavu wenyewe ni mdogo kiasi gani? Propani inahitaji takriban milijuli 0.25 kuwaka. Ethilini kama 0.07. Haidrojeni takriban 0.02. Sasa linganisha na mwili wako: una kapasita ya kama pikofaradi 150, na ukichajiwa hadi volti 10,000 kwa kutembea na viatu vya mpira siku kavu, unabeba milijuli 7.5 kwenye ncha ya kidole. Ile cheche ya kitasa cha mlango ingeiwasha haidrojeni mara mia kadhaa. Kwa hiyo tunapozungumzia saketi ya IS tunazungumzia nguvu ndogo sana, na kosa dogo sana linaivuruga.

Wazo lenyewe lilizaliwa migodini. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, Wales, ulilipuka wakafa wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja baada yao. Chanzo hakikuthibitishwa moja kwa moja, ila cheche za kengele za umeme za kupashana ishara zilishukiwa sana. Kengele zile zilitumia betri za volti chache, na watu waliamini volti chache haziwezi kudhuru. Watafiti Wheeler na Thornton walipochunguza kengele za namna hiyo, wakaonyesha kwamba hatari iko kwenye koili yake. Koili inahifadhi nishati, na saketi ikikatika inaimwaga yote pale penye mkato. Tangu siku hizo hatuulizi volti peke yake. Tunauliza pia saketi imehifadhi kiasi gani kwenye koili na kwenye kapasita.

Ngazi ziko tatu. "ia" inabaki salama hata hitilafu mbili zikitokea pamoja, ndiyo inayoruhusiwa Zoni 0, mahali ambapo gesi ipo muda wote au muda mrefu, kama ndani ya tangi. "ib" inavumilia hitilafu moja, ni ya Zoni 1, ambapo gesi inaweza kutokea katika kazi ya kawaida. "ic" ni salama katika kazi ya kawaida tu, Zoni 2, ambapo gesi hutokea kwa nadra na kwa muda mfupi. Lile boksi la Ex d likishavunjika kioo au likilegea boliti halina tena ulinzi, ndiyo maana haliingii Zoni 0.

#4 BiKebo

Nimefurahi kuona uzi huu. Naongezea kwenye kusoma lebo, maana hapo ndipo naona vijana wanateleza.

Kundi la gesi na daraja la joto ni vitu viwili tofauti, na wengi wanavichanganya. IIA ni jamii ya propani, IIB ethilini, IIC haidrojeni na asetilini. Hilo linahusu cheche. Herufi T inahusu joto la uso wa kifaa: T1 mwisho nyuzi 450, T2 nyuzi 300, T3 nyuzi 200, T4 nyuzi 135, T5 nyuzi 100, T6 nyuzi 85. Haidrojeni inawashwa na cheche ndogo kuliko karibu gesi zote, ila joto la uso haliiwashi kirahisi, yenyewe iko T1. Etha iko IIB, lakini inadai T4. Kaboni disalfidi ndiyo ngumu pande zote mbili, IIC na T6. Kwa hiyo mtu akikuambia "kifaa hiki ni IIC, kinafaa kila mahali", muulize T yake ngapi.

Tena, alama ikiwa ndani ya mabano ya mraba, [Ex ia Ga] IIC, kifaa hicho kinakaa eneo salama na kinalinda saketi inayokwenda kwenye hatari. Chenyewe hakiingii kwenye hatari! Nimewahi kukuta beria ya namna hiyo imefungwa ndani ya kisanduku cha maungio katikati ya Zoni 1, kwa sababu tu fundi aliona neno "Ex" akaridhika.

Na namba ya cheti ikiishia na X, fungua cheti usome. X maana yake kuna sharti maalumu. Mara nyingi ni plastiki inayojichaji ikifutwa kwa kitambaa kikavu, au aluminiamu isigongwe na chuma chenye kutu.

#5 KakaPaneli

Mkuu FundiAla, nakuunga mkono, ila nimtetee kidogo huyo kijana. Tatizo lake lilikuwa la kweli. Beria za zena zinakula volti. Na mimi nimewahi kufika hapo: mita inagoma, meneja amesimama nyuma yako, kila mtu anasubiri. Ungemwambia afanye nini?

#6 FundiAla

Kaka, hoja yako ni ya haki. Simlaumu kijana, nalaumu kwamba hakuna aliyewahi kukaa naye wakapiga hesabu. Nilikaa naye na karatasi, tukaifanya pamoja. Hii hapa.

Pawasaplai tuliipima volti 23.6. Beria ni ile ya kawaida ya volti 28, miliampea 93, na ukinzani wake kutoka mwisho hadi mwisho ni kama omu 340. Upande wa kusoma kuna rezista ya omu 250. Jumla omu 590. Kebo ya mita 400, kwenda na kurudi, inakula kama volti 0.3.

Transimita inaeleza kina kwa mkondo inaouvuta. Tangi likiwa tupu saketi inavuta miliampea 4. Beria na rezista vinakula volti 2.4 hivi, transimita inapata zaidi ya 21. Haina shida. Tangi likijaa inatakiwa miliampea 20. Sasa zile omu 590 zinakula volti 11.8, toa na za kebo, transimita inabaki na volti 11.5. Nikamfungulia kitabu cha transimita: inahitaji volti 12 ili ifanye kazi.

Nusu volti! Ndiyo iliyokuwa inaifanya isome vizuri chini na kugoma juu. Na angalia ilikokuwa inagoma: tangi likikaribia kujaa, yaani pale pale ambapo ukikosea unamwaga kiyeyushi chini.

Alipoiruka beria alirudisha karibu volti 7, mita ikasoma hadi mwisho, kila mtu akapumua. Wakati huohuo pawasaplai yenye uwezo wa ampea 10 ikawa imeunganishwa moja kwa moja na waya unaoingia kwenye mvuke. Isitoshe, ile beria haikuwepo kwa ajili ya volti 24 peke yake. Imejengwa ili hata volti 250 za njia kuu zikivuja ndani ya kabati kwa bahati mbaya, zena zizielekeze ardhini na fyuzi ya ndani ikatike kabla hazijafika tangini. Ule utepe mweusi haungezuia chochote.

#7 KakaPaneli

Nimeelewa. Basi mimi nasema beria za zena ziachwe kabisa, watu wafunge isoleta. Isoleta inatenganisha pande mbili kwa transfoma ndogo ndani yake, inaipa transimita volti 15 au zaidi hata ikiwa kwenye miliampea 20, na haidai athi ya IS, ule waya maalumu wa kwenda ardhini. Nusu ya matatizo yameisha.

#8 FundiAla

Kwa saketi hii nakubaliana nawe kabisa, isoleta ndiyo dawa. Ila kusema "ziachwe kabisa" umevuka. Beria ya zena haina vitu vingi vya kuharibika, nimekuta zilizofanya kazi miaka mingi bila kuguswa, na kwa themokapo (sensa ya joto) au swichi zinatosha. Sharti lake ni athi. Waya wa athi kutoka kwenye reli ya beria hadi athi kuu uwe wa shaba usiopungua milimita za mraba 4, au nyaya mbili za 1.5 kila mmoja, na ukinzani wake uwe chini ya omu 1. Mimi napenda nyaya mbili, kwa sababu unaweza kuchomoa mmoja ukapima bila kuiacha reli yatima.

Beria yenye athi mbovu ni pambo tu. Zena zitaelekeza umeme wapi kama njia ya ardhini imekatika?

#9 MwanagenziWaUmeme

Mzee, nimeona kwenye vyeti kuna Uo, Io, Po, Co, Lo, kisha kwingine Ui, Ii, Pi, Ci, Li. Mwalimu alituambia tukariri. Mimi nataka kujua zinatumikaje.

#10 FundiAla

Kijana, hapa twende taratibu, hapa ndipo ufungaji wa IS unapokamilika au kuharibika.

Herufi ndogo "o" ni kile ambacho beria au isoleta inaweza kutoa katika hali mbaya kuliko zote. Herufi ndogo "i" ni kile ambacho kifaa cha huko tangini kinaweza kupokea kikabaki salama. Kwa hiyo volti, mkondo na wati zinazotolewa zisizidi zinazopokelewa. Beria yangu: Uo volti 28, Io miliampea 93, Po wati 0.65. Transimita: Ui volti 30, Ii miliampea 300, Pi wati 1. Zote tatu zimepita.

Halafu kuna hifadhi. Kila kebo ni kapasita ndefu na koili ndefu. Co na Lo ni kiwango cha juu cha kapasita na induktansi kinachoruhusiwa kuning'inia nje ya beria, ukijumlisha kifaa na kebo. Kwa volti 28 katika IIC, Co ni nanofaradi 83. Transimita yetu ina Ci ya nanofaradi 10. Zimebaki 73 za kebo.

Kama huna takwimu za kebo, kanuni ya kimataifa ya IEC 60079-14 inakuruhusu utumie pikofaradi 200 kwa mita. Mita 400 zinakuwa nanofaradi 80. Zimezidi 73! Kwa takwimu hizo kebo yako mwisho mita 365. Umeona? Kila kifaa kina cheti, kebo ni ya buluu, rangi zote nzuri, na mfumo umefeli kwenye karatasi.

Hapo una njia mbili za halali. Ya kwanza, tafuta karatasi ya mtengenezaji wa kebo. Yetu ilisema pikofaradi 120 kwa mita, ikawa nanofaradi 48, ukiongeza 10 ni 58, tumepita. Ya pili, uliza gesi iliyopo ni ya kundi gani kweli. Kama ni IIB, beria ileile inaruhusu nanofaradi 650. Usilipe adhabu ya haidrojeni mahali pasipo na haidrojeni. Lakini uamuzi wa kundi unatoka kwenye mchoro wa zoni uliosainiwa na anayehusika. Fundi haukadirii kwa pua.

Induktansi: kebo mikrohenri 1 kwa mita, mita 400 ni milihenri 0.4. Lo ya beria yetu ni 4.2. Iko mbali.

Bado kuna mtego mmoja ambao hata wazoefu wanausahau. Kama Ci na Li za vifaa, bila kebo, zote mbili zinafika asilimia 1 ya Co na Lo, unatakiwa ukate Co na Lo kwa nusu. Yetu: nanofaradi 10 ni zaidi ya asilimia 1 ya 83, hiyo imevuka. Li ni milihenri 0.02, asilimia 1 ya 4.2 ni 0.042, haijavuka. Moja tu imevuka, hatukati. Transimita ingekuwa na Li ya 0.5, Co ingeshuka hadi 41.5, na zile 58 zetu zingefeli.

Hesabu hii iandikwe, isainiwe, iwekwe kwenye faili la saketi hiyo. Bila karatasi hiyo, fundi atakayekuja baada yako hawezi kujua kama transimita mpya aliyoleta inafaa.

#11 MwanagenziWaUmeme

Mzee nimeirudia mara tatu na kalamu. Nimeipata. Nilidhani kebo ni kebo tu.

#12 BiKebo

Sasa mkono uende kwenye kazi yenyewe. Nitasema yale ninayoyakuta yameharibika.

Saketi ya IS haichangamani na nyingine. Nyaya zake zina njia yake ndani ya kabati, na kati ya taminali za IS na zisizo za IS pawe na milimita 50 au kizuizi. Ninabeba kipande cha mbao nilichokikata milimita 50 kamili. Nakiingiza kati ya taminali, kisipoingia natafuta sababu. Wengine wanatenganisha nyaya vizuri kwenye reli, halafu wakifika kwenye mfereji wanazikusanya zote kwa kamba moja ya plastiki ili zipendeze. Mmezirudisha kulekule.

Skrini ya kebo, lile ganda la chuma linalozunguka nyaya, iungwe athi upande mmoja tu, kwa kawaida kule eneo salama. Ukiunga pande zote mbili na athi za pande hizo zikatofautiana volti, umetengeneza saketi ya tatu ambayo hakuna aliyeipigia hesabu. Upande wa tangini ikate skrini vizuri, uifunike kwa mpira wa kubana kwa joto. Isiachwe ikichungulia kwenye glandi.

Nyuzi za akiba ndani ya kebo yenye nyuzi nyingi ndizo zinazonitia hofu kuliko zote, maana kila fundi anaziona kama za bure. Zitiwe kwenye taminali pande zote mbili zisiguse kitu, au kama saketi nyingine za kebo hiyo zina athi, ziungwe kwenye athi hiyohiyo kwa upande mmoja na kufunikwa upande wa pili. Na kamwe usitumie uzi wa akiba kupeleka volti 24 za taa au kengele. Ukifanya hivyo, saketi zote za kebo hiyo zimeacha kuwa IS siku hiyohiyo.

Rangi ya buluu ya mpauko ni ya kutambulisha. Hailindi kitu.

#13 MzeeWaTangi

Salamu wanangu. Mimi nimestaafu, nina machache.

Kebo ikiingia Zoni 0, hasa kwenye tangi la nje, fikirini radi. Radi ikipiga karibu, athi ya tangi na athi ya chumba cha udhibiti zinaachana kwa maelfu ya volti kwa kitambo kidogo, na kebo yenu ndiyo daraja kati yao. Weka kizuia radi karibu na mahali kebo inapoingia, ndani ya mita 1 ikiwezekana, chenye uwezo wa kiloampea 10.

La pili ni megga. Vijana wanapenda kupima insulesheni kwa volti 500 kebo ikiwa imelala kwenye zoni. Hebu pigeni hesabu kwa kebo hiyo ya FundiAla: nanofaradi 48 kwa volti 500 ni milijuli 6. Ukimaliza kupima ukaacha ncha zikagusana, umetoa cheche inayotosha kuwasha haidrojeni mara mia tatu. Megga haigusi kebo hiyo mpaka gesi imepimwa na kibali cha kazi ya moto kimetolewa, na ukimaliza unaimwaga chaji kabla ya kuondoa mkono. Na kabla ya hapo uchomoe beria na transimita, maana volti 500 zitavichoma.

Multimita ya kawaida mfukoni nayo ni hivyohivyo. Sifa kubwa ya IS ni kwamba unaweza kufungua kifuniko na kupima saketi ikiwa hai ndani ya zoni. Lakini ukichomeka mita isiyo na cheti umeingiza betri na koili ambazo hazimo kwenye hesabu. Kikomunikata cha mkononi, kile cha kuwasiliana na transimita, kina Uo na Co zake pia, kiingie kwenye karatasi. Na simu zibaki langoni.

#14 DadaKalibresheni

Naomba kuuliza, na naomba mnijibu kwa ukweli. Karakana yetu tunapima transimita za IS kwenye benchi kwa pawasaplai ya kawaida ya volti 24, kisha zinarudi uwanjani. Tumefanya hivyo miaka yote. Ni kosa?

#15 FundiAla

Dada, asante kwa kuuliza waziwazi.

Ndani ya transimita kuna zena, daiodi na rezista zinazolinda IS. Zikiungua kwa sababu ya umeme kupita kiasi, transimita inaweza kuendelea kusoma sawasawa. Huna namna ya kuziona wala kuzipima. Kwa hiyo sheria ya kazi ni kwamba kifaa kilichowahi kufungwa mahali ambapo Ui, Ii na Pi hazikudhibitiwa, hakirudi tena kuwa IS. Hata kama kilikuwa ndani ya boksi la Ex d kwa halali kabisa, kikitoka huko hakihamii kwenye saketi ya IS.

Kwenye benchi, pawasaplai ya kawaida ni ampea kadhaa bila kizuizi, na kosa la kugeuza nyaya au kuzungusha kitufe hadi volti 40 ni la sekunde moja. Mimi kwenye benchi langu nimefunga isoleta ya aina ileile iliyoko uwanjani, kila kitu cha IS kinapimwa kupitia hiyo. Fungeni moja. Kwa zile zilizokwisha kurudi uwanjani, keti na mhusika wa usalama mzipitie moja moja.

#16 DadaKalibresheni

Nimepokea. Isoleta tunayo stoo, kesho naifunga kwenye benchi. Orodha ya zilizorudi nitaanza kuiandika leo.

#17 KakaPaneli

Na swichi za kawaida? Kuna swichi ya kiwango ya chuma, haina cheti chochote, imo kwenye saketi ya IS. Nimwambie mteja aitoe?

#18 BiKebo

Hapana kaka, hiyo ni kifaa sahili. Swichi, themokapo, sensa ya joto ya ukinzani, kisanduku cha maungio: havizalishi wala havihifadhi nishati ya maana, kwa hiyo havidai cheti ndani ya saketi ya IS. Kinachozalisha kisizidi volti 1.5, miliampea 100 na miliwati 25. Ila bado beria inahitajika, insulesheni yake ihimili, joto lake lijulikane, na kiandikwe kwenye karatasi ya saketi. Wengi wakisikia "hakidai cheti" wanadhani hakidai chochote.

#19 FundiAla

Wakuu, mrejesho.

Tumefunga isoleta kwenye ile saketi. Transimita nayo tumeitoa, maana iliishi kwenye pawasaplai isiyo na kizuizi kwa muda ambao hakuna anayeukumbuka. Tumeifunga kibandiko chekundu kwamba haifai tena kwa zoni, itatumika kwenye maji. Mpya ilipofungwa, nyaya alizikaza kijana yuleyule kwa mkono wake, mimi nikashika karatasi ya hesabu. Tukaisukuma hadi miliampea 20, tukapima kwenye taminali za transimita kwa mita yenye cheti: volti 16.2. Akaitazama ile namba muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwonyesha hesabu hii siku ile mita ilipogoma. Sikuwa na jibu.

Fomu za ukaguzi wa miaka iliyopita nimezisoma zote. Zimejazwa vizuri, na kila moja imekagua upande wa tangini peke yake. Kisanduku cha "beria" hakimo kwenye fomu. IEC 60079-17 inataka ukaguzi wa kina saketi inapoanza, na baada ya hapo usipite miaka mitatu bila kukagua. Ratiba walikuwa nayo. Hawakufungua kabati. Nimewaandikia fomu mpya, mstari wa kwanza ni beria au isoleta, wa pili ni athi, kisha ndipo mtu apande tangi.

Kijana akaniambia nifunue mfereji wa safu ya pili. Tumekuta saketi nyingine mbili, utepe uleule mweusi. Nazo zimezimwa. Yamebaki makabati mawili, kesho asubuhi tunaanza na la kushoto.

#20 MwanagenziWaUmeme

Mzee, hiyo fomu mpya unaweza kuitupia hapa?

#21 FundiAla

Jioni nitaipiga chapa safi niiweke. Ukiitumia, kifuniko cha mfereji ukifunue kwa mkono wako. Usimwulize mtu kama kiko sawa.